Kunguru Walililia Tangi la Jirani, Nami Nikanyamaza

Nimekosa. Naanza hapo hapo, maana nikianza kwingine nitajikuta najitetea, na mdomo wangu naujua. Nimemkosea jirani, nimemkosea mume, nimemkosea mama aliyemzaa mume wangu, na huyo wa mwisho sina tena pa kumwombea radhi.

Jina silitaji. Mimi ni mke wa mtu hapa Likoni, wanangu wameshakuwa watu wazima, na tukipishana njiani utanisalimu kwa heshima, kwa sababu utaniona nimejisitiri kichwa mpaka vidole, nikabu juu. Watu wanasema nimeshika dini. Lo! Laiti wangejua najisitiri na nani.

Nawaficha kunguru uso wangu.

Cheka. Hata mimi ningecheka. Lakini soma kwanza.

Mambo yalianzia kwa vifaranga. Nilikuwa nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, na kama unakaa pwani hii unawajua kunguru wetu. Hawana haya. Mmoja atakupokonya andazi mkononi, na akikuta kifaranga kimemwacha mamake kidogo tu, hukioni tena. Mwaka ule walinichosha. Kuku akitotoa, mimi nafurahi na wao wanafurahi.

Aliyenitia hasira zaidi ni mavyaa wangu. Tulikuwa tukikaa naye, kwa sababu mume wangu ni dereva wa malori ya makontena, leo yuko bandarini, kesho yuko mpakani, na hakutaka mamake akae peke yake. Bi mkubwa huyo kila asubuhi akishakunywa chai alitoka na bakuli la ukoko na ugali uliolala, akawamwagia kunguru hao hao pale uani. Nikimwambia mama, hawa ndio wanaonimalizia vifaranga, ananijibu kwamba nao ni viumbe, na aliyeshiba haibi. Mimi namwitikia kwa mdomo, moyoni nasema mzee huyu ananifugia wezi.

Basi siku moja kunguru akanasa kwenye wavu niliofunikia banda. Nilichukua mchi nikampiga mpaka akatulia. Tena nikafanya kama tufanyavyo wengi huku: nikamfunga kamba miguuni, nikamtundika kichwa chini juu ya mti mrefu niliousimamisha kando ya banda, awe onyo kwa wenzake.

Alikuja mmoja kwanza. Akatua juu ya paa, akamtazama yule aliyening'inia, akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia. Kunguru ana kelele zake za kugombana na kelele zake za kuiba, twazijua sote. Huu haukuwa wa namna hizo. Ulikuwa mrefu, mkavu, unapanda na kushuka. Wakaanza kuja wengine. Walitoka upande wa feri, wakatoka upande wa sokoni, paa letu likajaa, na la jirani likajaa, na waya za stima zikalegea kwa uzito wao.

Walilia wote pamoja, kisha wakanyamaza kama walioamrishwa.

 Vifaranga vyangu vilikuwa vinapita chini yao, vinachakura, hakuna hata mmoja aliyevitazama. Walikaa pale wakimwangalia mwenzao tu. Baadaye akaondoka mmoja, akafuata mwingine, mpaka paa likawa tupu.

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akaniambia, "Wamekuja kumhani mwenzao. Mteremshe, mwanangu. Maiti haitundikwi."

Nikamwambia nina kazi.

Akamteremsha mwenyewe. Bibi kizee yule, na magoti yake yale, alivuta kiti, akamfungua kwa kisu cha jikoni, akamkunjia kwenye kipande cha leso kuukuu, akamchimbia shimo chini ya mpapai. Nilimwona, nikasonya. Waliomwona si mimi peke yangu. Walikuwa wamebaki kunguru wachache kwenye ukuta, wakamwona na maiti mikononi.

Toka siku ile wakawa wanamfuata. Akienda dukani, wako juu yake, paa hadi paa, wanalia. Akienda msibani, wanamngoja nje ya ua. Vitoto vya mtaani vikampa jina, Bi Kunguru, na wakubwa wakalichukua kwa mzaha. Mimi nami nilicheka nao. Yeye aliinua uso akawaambia kwa upole, "Si mimi, wanangu. Si mimi." Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilijua vizuri anachowaambia.

Lakini aliendelea kuwalisha, na wao ingawa walimlilia waliendelea kula.

Na vifaranga vikaendelea kwenda! Hapo ndipo shetani alipoingia, au niseme ukweli, hapo ndipo nilipoingia mwenyewe kwa miguu yangu. Nilinunua dawa ya panya. Nikangoja siku ambayo mavyaa amekwenda harusini, nikachanganya na matumbo ya samaki, nikaitandaza nyuma ya banda.

Walikuja, wakala. Wengine walianguka palepale, nikawakusanya ndani ya gunia nikawachoma pamoja na takataka. Mmoja alinyakua kipande akaruka nacho kabla hakijamlevya. Nilimwona akivuka ukuta kuelekea kwa jirani, anaruka upande upande, tumbo la samaki linaning'inia mdomoni. Nikamsahau.

Jirani yangu huyo nitamwita Maimuna. Ni mjane, tumekaa ukuta mmoja tangu wanetu wanatambaa. Chumvi ikiniishia ni kwake, moto ukimzimikia ni kwangu. Wakati huo binti yake wa kwanza, tumwite Saumu, alikuwa amerudi kwao kuja kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo ada yetu. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Maimuna alikuwa hatembei, anaruka. Vitambaa vya mtoto vimeshafuliwa na kukunjwa, na jina la mjukuu ameshalichagua, la babake mwenyewe, marehemu.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na tangi jeusi la maji, limepandishwa juu ya nguzo za mawe. Kifuniko chake kilichukuliwa na upepo zamani, akafunika kwa kipande cha bati na kuliegemeza jiwe. Bati lenyewe halikufika pembeni. Maji ya mfereji wetu unayajua, yakija leo usiyatarajie kesho, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inategemea tangi lile kwa kupika, kuoga na kunywa.

Asubuhi ya pili baada ya sumu nilikuwa uani nachambua mchele. Nikausikia.

Mlio ule. Mrefu, mkavu. Nikainua kichwa, nikamwona kunguru mmoja amekaa juu ya tangi la Maimuna, ameinamia ule mwanya kando ya bati, anatazama ndani. Akalia tena. Wakaanza kuja wengine.

Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeshawaona kwa maiti ya kwanza, nikajua hawa wamekuja kwa maiti, na maiti iko wapi, na imekufa kwa nini. Kiumbe aliyekula sumu hukimbilia maji.

Maimuna akatokea kwenye mlango mdogo wa ukutani unaounganisha nyua zetu, leso ameiteremsha mabegani, uso umemwiva kwa hofu. Akasema, "Jirani, mbona ndege hawa wananililia nyumbani? Mimi nina mja mzito ndani."

Ndugu yangu, nilikuwa na maneno machache tu ya kusema. Msinywe maji ya tangi. Basi! Angeniuliza kwa nini, ningemwambia, tungegombana wiki moja, labda mwezi, tukapatana. Ndivyo majirani walivyo.

Lakini pale pale mawazo yalinijia mbio. Kwamba ataniita muuaji. Kwamba atampigia simu mume wangu. Kwamba mtaa mzima utajua natega sumu ukutani kwa mtu mwenye mja mzito, na mimi hapa ndiye ninayetafutwa kwenye kila shughuli. Nikatazama pembeni. Nikasema, "Si kunguru wa mama hao? Wameshamzoea, wanamfuata kila aendapo. Jana si alikuja kwako?"

Ni kweli alikwenda. Alimpelekea Saumu muhogo wa nazi, kwa kuwa mtoto alisema anautamani.

Nilimwona Maimuna akibadilika. Aliinua leso akajifunika kichwa, akarudi kwake, na mlango ule mdogo akaufunga kwa komeo. Haukuwahi kufungwa mchana.

Nikajiambia, akitoka tu nitapanda tangini nimtoe yule kunguru. Maimuna hakutoka. Aliita wanawake wakaja wakasoma Yasini, ubani ukafukizwa nyumba nzima, na juu ya ubani wale kunguru wamekaa wanalia. Walilia mpaka alasiri. Mimi niko upande wangu wa ukuta nasikiliza visomo na kunguru pamoja, najipa moyo: tangi ni kubwa, kunguru ni mmoja, maji mengi yatammeza. Nikaosha mchele wangu nikapika.

Kesho yake Saumu akaanza kutapika.

Wengine nyumbani mle walilalamika matumbo, wakapona. Lakini yeye kwa joto la mimba alikuwa akishinda na kikombe mkononi, anateka kwenye mtungi, maji ya baridi, hataki chai. Alipoanza kutoka damu tulimpakia kwenye gari la mtu tukamkimbiza hospitali. Ndiyo, tulimpakia, nami nilikuwamo! Mimi ndiye niliyemshika kichwa njia nzima.

Muuguzi alituuliza haraka haraka. Amekula nini? Amekunywa nini? Kuna dawa yoyote nyumbani, ya wadudu, ya panya? Aliitaja, wallahi, aliitaja kwa jina. Na mimi nimesimama kando ya kitanda nimeshika beseni.

Maimuna akasema amekula muhogo aliopikiwa na mzee wa jirani.

Muuguzi akanitazama na mimi, labda kwa vile nilikuwa nimetulia mno. Nikainamisha macho kwenye beseni.

Mtoto alitoka hana uhai. Alikuwa wa kiume. Kama ningesema, labda wangempa dawa inayofaa, labda asingepona vilevile. Sijui. Daktari mwenyewe hakusema ni nini hasa, alisema mwili ulizidiwa. Kutojua huko nilidhani kutanipa nafuu. Hakukunipa.

Maimuna alilala hospitalini na mwanawe. Akanipa ufunguo wake, akaniomba nikamfagilie nyumba, kwa sababu watu watakuja kumpa pole. Nikaenda. Nikaegemeza ngazi kwenye mawe, nikapanda, nikasogeza bati. Alikuwa anaelea, mbawa wazi, amevimba. Nikamkamata kwa leso nikamtoa.

Wakanishukia. Sijui walikuwa wapi, kwa sababu paa lilikuwa tupu nilipopanda. Mmoja alinipiga kisogoni kwa kucha, mwingine akapita karibu na jicho, na wote wanalia. Nilishuka ngazi ile nikikaribia kuanguka, maiti nimeikumbatia. Nikafungua bomba la chini, maji yote yakamwagika, yakatiririka mpaka kichochoroni. Watu walionipita walisema mke yule ana imani, anamsafishia jirani mpaka tangi.

Nilipogeuka nilimwona mavyaa. Amesimama kwenye ule mlango mdogo wa ukutani niliouacha wazi, bakuli lake mkononi. Akanitazama, akatazama kifurushi changu, akarudi ndani. Hakuniuliza lolote siku ile wala zilizofuata.

Mtoto alizikwa. Na maneno yakaanza.

Kama wewe ni wa pwani hii sina haja ya kukueleza. Mzee mwenye mvi, anayeongea na ndege, aliyeonekana akimzika kunguru kwa leso kama anazika mtu, anayefuatwa na kunguru mtaa mzima, akampelekea mja mzito chakula, kunguru wakalia, mtoto akafa. Lile neno lilisemwa kwanza jikoni, likasemwa dukani, mwisho likasemwa barabarani kwa sauti. Mchawi. Na wazee wangapi wa pwani wameshaliwa na neno hilo? Twasikia kila mara, amekatwa fulani, amechomewa nyumba fulani, kwa mvi zake tu.

Mawe yalianza kuanguka juu ya bati letu mchana kweupe. Siku ya pili vijana walisimama nje ya geti, mmoja wao ana chupa ya petroli, hakuificha. Mwanamke niliyezoea kununua kwake nazi alikataa kuniuzia.

Mume wangu alirudi safari akakuta hivyo. Mzee wa mtaa akaitisha kikao sebuleni kwetu, mtu asije akauawa. Alikuwepo yeye, mume wangu, Maimuna na macho yake yamevimba, mimi, na mavyaa ameketi mkekani miguu ameinyoosha.

Mzee wa mtaa akamuuliza, kunguru hawa ni wako? Mavyaa akajibu ni wa Mwenyezi Mungu. Akaulizwa ule muhogo alitia nini. Akajibu nazi na chumvi.

Mume wangu akasema kwa sauti ya kukatika, "Mama, kama kuna jambo unalijua kuhusu kunguru hawa, sema. Nakuomba."

 Mavyaa akanigeukia mimi. Hakunitazama kwa ubaya, jamani. Alinitazama kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nafasi ilikuwa hiyo. Maimuna yuko, mume yuko, mzee wa mtaa yuko, wote wanangoja.

Nikainuka nikasema naenda kupika chai.

Niliporudi na sinia walikuwa wameshakata shauri. Ataondoka, apelekwe kwa shemeji yangu upande wa Kwale, mpaka watu watulie. Maimuna alikunywa chai yangu akilia.

Siku ya kuondoka mavyaa aliniita chumbani nimsaidie kufunga mzigo. Nguo zake zilikuwa chache. Nilikuwa napiga fundo, yeye amekaa kitandani, akasema, "Nalikuona juu ya tangi, mwanangu."

Fundo likanishinda. Nikamuuliza, nimeshaanza kulia, mbona hakusema pale kikaoni.

Akasema, "Nalikuwa nikingoja useme wewe. Nikisema mimi, mwanangu atamwacha mkewe, na wajukuu zangu watasema mama yao aliua. Ukisema wewe, watasema alikosa akakiri. Si sawa hizo."

Akanishika mkono akainuka, akaniambia nisiwasahau wale nje, wameshazoea kula asubuhi. Mume wangu akapiga honi.

Hata alipokwisha kuingia garini nilikuwa na nafasi. Nilisimama getini nikapunga mkono.

Huko Kwale habari zilitangulia kabla yake. Alipewa chumba cha pembeni, mbali na nyumba kubwa. Watoto walikatazwa kupokea kitu mkononi mwake. Akisalimu, anaitikiwa na mtu anayetazama kwingine. Shemeji yangu alisimulia kwamba alianza kukataa chakula, mwanzo cha usiku, kisha chote, anasema hana hamu. Hakuugua ugonjwa wa kutajwa. Alikufa Ramadhani haijaandama, na amefia jina ambalo mimi nilimpa.

Tulikwenda kuzika. Waliobeba jeneza walitafutwa. Hakuja mtu wa Likoni hata mmoja, wanawake aliowapikia arusi, aliowakandia matumbo, aliowaoshea maiti zao. Nilikaa kwenye mkeka wa matanga nikatazama mikeka mitupu kushoto na kulia, nikawakumbuka wale waliojaa paa letu kwa ajili ya mwenzao mmoja niliyemuua kwa mchi. Nilitaka kupiga ukelele. Nikavuta leso usoni, watu wakasema mkaza mwana huyu alimpenda mavyaa wake.

Nilimpenda. Hilo ndilo linaloniua. Nilimpenda, na nilimtoa kafara.

Kunguru nao? Baada ya yeye kuondoka walikuwa wakija kila asubuhi, wanakaa ukutani, wanatazama mlango. Sikuwapa kitu. Sikuweza kulishika lile bakuli. Wakachoka kungoja, na hapo wakaniangalia mimi vizuri. Nikitoka uso wazi, mmoja atatua mbele yangu atoe mlio ule, na kabla sijafika dukani ni kundi. Wamenichubua paji la uso mara kadhaa. Watu wakaanza kuuliza, mbona sasa wanakufuata wewe?

Ndipo nilipojifunika. Nikiwa na nikabu hawanijui, wananipita kama mti. Nikiivua tu uani kwangu, wako juu ya ukuta. Kwa hiyo naanika nguo nikiwa na nikabu, nafagia nikiwa na nikabu, mume wangu ananiuliza tangu lini mtu akajisitiri na mpapai wake mwenyewe. Kuku nilishauza wote. Mume wangu hajui kitu mpaka leo. Bado anaitoa picha ya mamake kwenye simu akiwa njiani anatazama, na akinipigia huniuliza kama mama, maskini, alikuwa kweli anajua mambo hayo. Ananiuliza mimi!

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo la wiki hii. Saumu ana mimba tena. Amerudi kwao juzi, tumbo hilo, anatembea kwa kujishika kiuno. Maimuna alifungua ule mlango mdogo wa ukutani akaja nalo neno mwenyewe, amenibebea sahani ya kaimati. Akaketi kwenye mkeka ule ule wa kikao. Anataka mimi ndiye nikae na Saumu hospitalini, mimi ndiye nimpokee mtoto, kwa sababu mara ile nilimshika kichwa njia nzima na hajasahau.

Kisha akanishika goti, uso wake umetulia kabisa, akaniambia, "Safari hii sina wasiwasi, jirani. Aliyekuwa akitudhuru Mungu ameshamchukua."

Nikamwambia, "Alhamdulillahi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mdomo ulisema wenyewe, bila kusitasita, na sauti ilikuwa nzuri.

Sasa wewe unayesoma, na hasa wewe unayesoma huku ukijua una jambo lako: nenda kaseme leo. Usingoje jirani atoke, usingoje mume arudi, usiende kupika chai. Ukichelewa utaona kosa lako lina mtu mwingine wa kulibeba, na watu wamemzika nalo, na wewe wamekuja kukushukuru, na kila wakikushukuru utaitikia.